Kumtukana Kalunde kwa Kiswahili

Sisi tuliokulia Kabungu wakati Mpanda ingali mkoa wa Rukwa, tukienda shule peku na madaftari ndani ya mfuko wa sukari, tulikuwa na mambo yetu ambayo ukimsimulia kijana wa leo anakutazama kama umefufuka. Nawaandikia nyie wenzangu, mliokula masuku ya porini mpaka tumbo likagoma, mliotumwa dukani kununua mafuta ya taa kwa kikombe mkarudi yamebaki nusu kwa sababu mlipita kwanza uwanjani. Nyie mtanielewa. Vijana wakitaka kusoma nao wasome, ila wasinitumie vile vikatuni vyao vya kucheka machozi, maana habari hii imenichosha roho.

Aliyenichokoza ni mtoto wa kaka yangu. Juzi alikuja kwangu Makanyagio, hapa Mpanda mjini, suruali imeshuka, simu mkononi, akaniomba maneno mawili matatu ya Kibende ayaweke kwenye simu yake, kwani wenzake wote wameshaweka ya makwao. Nikampa salamu ya asubuhi. Akaniuliza inaandikwaje, nikamwambia sijui, sijawahi kuiona imeandikwa. Akaguna. Mwishowe akaona shida yote ya nini, akatafuta picha ya wacheza ngoma, akaiweka na kusema huo ndio utamaduni wetu. Nilipoitazama vizuri nikakuta ni Wamakonde. Nilimwambia, akasema, "Shangazi, nani atajua?" Na kweli, nani atajua? Hapo ndipo nilipokasirika mpaka nikasahau maharage jikoni yakaungua.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo nyumba yetu ilikuwa na lugha mbili, na kila moja ilikuwa na upande wake wa uwanja. Upande wa Baba na Mama, kwenye nyumba ya bati, ilikuwa Kiswahili. Upande wa Babu na Bibi, kwenye nyumba ya nyasi yenye jiko la nje, ilikuwa Kibende. Sisi watoto tulikuwa tunakaa huku na huku. Bibi alitutuma kwa Kibende, alituonya kwa Kibende, alituimbia na kutusuta kwa Kibende, na sisi tukaitikia kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu. Tulielewa kila kitu. Ila kukifungua kinywa kikatoka Kibende, hapana. Mama alishatuambia, "Mkizoea hicho kilugha mtaenda kuaibika shuleni, halafu mtaishia kulinda ndege kwenye mtama wa watu." Shuleni nako ukikutwa unaongea kilugha unamwagilia bustani ya mwalimu wiki nzima. Kwa hiyo tukawa na masikio ya Kibende na ulimi wa Kiswahili, na tukajiona wajanja.

Na maisha yalikuwa matamu, sitadanganya. Mvua za kwanza zikinyesha tulikwenda porini na Bibi kuokota uyoga, yeye mbele anatutajia jina la kila mmoja, upi wa kula na upi wa kuua, sisi nyuma tunagombania kapu. Migebuka mikavu ilikuja na baiskeli kutoka kwa wavuvi wa upande wa ziwani, ikachemshwa na karanga, na ugali wa muhogo ukapigwa mpaka ukang'aa. Asali tulikula na masega yake, nta tukaitafuna mchana kutwa. Jioni tulicheza kombolela mpaka Babu akakohoa, kikohozi chake kile kirefu chenye mkia, na tulijua hapo mchezo umekwisha, kila mtu akanawe miguu. Leo mtoto anachezea kitandani peke yake, akiitwa kula anasema subiri.

Lakini kitu tulichokipenda kuliko vyote ni Kalunde.

Kalunde alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu zamani ambazo hata Babu hakuzijua mwanzo wake. Aliishi Kasekese, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na alikuwa wa umri wa Bibi, mrefu, mkavu, na meno mawili ya mbele yaliyoachana. Mtu mzima mwingine yeyote tulimwamkia kwa magoti. Kalunde tulimwita Kalunde, hivyo hivyo, bila bibi wala mama mbele yake, na ungemwamkia kwa heshima angekutazama kana kwamba umemtemea mate. Akifika kwetu huingia moja kwa moja jikoni, hufunua chungu, huonja mchuzi na kusema mbele ya Bibi kwamba hata mbwa wa Kasekese wangeukataa. Bibi naye alimjibu kwamba ndiyo maana amekuja kuula yeye. Ukitaka kukaa anavuta kigoda unaanguka. Babu aliitwa mwizi, mvivu, kikojozi. Kalunde aliitwa mchawi, mla maiti, mwanamke aliyekimbiwa na mwanamume kipofu. Yote hayo kwa Kibende, kwa kasi, huku wanacheka mpaka wanashika ukuta. Nikiyaandika hapa kwa Kiswahili nayaona yanavyogeuka. Kwa Kibende yalikuwa chakula, hata sisi watoto tulilala tukiyarudia.

Kazi yake kubwa ilikuwa msibani. Mtu wa ukoo wetu akifa, mtani ndiye anayekuja kumcheka. Watu wanalia, yeye anaingia amevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anagomba kama marehemu, anawauliza waombolezaji nani kawaruhusu kula mbuzi wake. Analala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Na mjane, au mgane, anakaa kwenye mkeka wake wa msiba mpaka mtani amchekeshe. Akicheka, ameruhusiwa kurudi duniani kupika, kulima na kugombana na watu. Asipocheka anabaki pale. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Nilikuwa darasa la tano Babu alipofariki. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Habari zikapelekwa Tabora kwa Baba mkubwa Deo, kaka yake Baba, aliyekuwa na kazi ya ofisini huko na hajaonekana nyumbani tangu sisi hatujazaliwa. Alifika na treni, amevaa suti na tai, akiwa na mke anayefunika pua kwa leso kila akipita karibu na zizi la mbuzi. Tulimwona mtu mkubwa sana. Alipanga shughuli yote yeye: nani asome, nani aongee, jeneza litoke saa ngapi. Baba, ambaye ndiye aliyemtunza Babu miaka yote, akawa wa kubeba mabenchi.

Jeneza likiwa uwanjani, na katekista ameshafungua kitabu, ndipo Kalunde alipoingia. Sisi watoto tulimwona kwanza, tukaanza kubanana mbavu. Alikuwa amevaa koti la Babu, lile zito la baridi lenye kiraka mgongoni, na kofia yake. Alikuja kwa hatua za Babu, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, halafu akasimama katikati ya watu akakohoa. Kile kikohozi kirefu chenye mkia. Wazee wote waliinua vichwa. Bibi, aliyekuwa chini kwenye mkeka na kanga usoni, nilimwona mabega yakitikisika. Kalunde akaliendea jeneza, akaligonga, akalisemesha kwa Kibende: we mwizi, ondoka kitandani pangu. Shangazi yangu mmoja tayari alikuwa amekwishacheka akajiziba mdomo.

Baba mkubwa aliona kitu kingine kabisa. Yeye aliona mwanamke amelewa, amevaa koti la marehemu baba yake, anapiga jeneza na kupayuka mbele ya wageni. Aliuliza kwa sauti nani amemruhusu mwizi huyu kuingia. Kabla mtu hajameza mate amewaita mgambo wawili aliowaleta kulinda magari mawili ya wageni, na mgambo, vijana wasiojua kitu, wakamvua Kalunde koti na kofia wakamtoa hadi barabarani. Mzee mmoja alinyanyuka, akafungua kinywa, akakifunga. Nadhani tai ile ilimtisha. Kalunde alisimama barabarani na gauni lake jembamba, akatutazama, kisha akashika njia ya Kasekese. Katekista akaendelea, Babu akazikwa, kila kitu kikaenda kwa ratiba.

Siku ya kuanua tanga ilipofika, watu wakafagia, wakanyoa, pombe ikaiva. Bibi hakutoka kwenye mkeka. Baba mkubwa alifikiri anaumwa, akataka kumpeleka hospitali. Bibi akasema haumwi. Akambembeleza, akamnunulia soda. Bibi akamwambia kwa Kibende, taratibu, na Baba akamtafsiria kaka yake: "Mume wangu nimemlilia. Sasa nani atamcheka? Wewe?"

Hapo ndipo wazee walipopata ulimi, baada ya mambo kuharibika, kama kawaida yao. Wakamweleza Baba mkubwa alichofanya. Nitamsifu kwa hili: alishtuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeondoka mdogo, akakua kwenye Kiswahili na Kiingereza, akarudi kwao mgeni na hakuna aliyemwambia. Akasema kosa ni lake na atalirekebisha mwenyewe. Akachukua mbuzi, sukari na vitenge viwili, akakodi gari, akaenda Kasekese na suti yake.

Alirudi jioni ameridhika. Alisema yule mama ni mstaarabu sana, wala hana kinyongo. Amemwomba radhi kwa niaba ya familia, amempa na zawadi, naye amepokea kwa mikono miwili na kusema asante sana, Mungu awabariki. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, Baba akitafsiri, kama alikaribishwa kiti.

"Ndiyo, mama. Kiti kizuri, akakifuta kabisa."

"Na maji?"

"Kwenye glasi."

Bibi akageukia ukutani.

Baba mkubwa hakuelewa, na ninyi mnaosoma sasa huenda mnamwonea huruma. Lakini mtani haombwi radhi jamani. Ukimwomba mtani radhi umemwambia kwamba yeye ni mtu baki, mnaweza kukoseana kama watu wa sokoni, na Kalunde alimjibu hivyo hivyo alivyoambiwa. Alimpa heshima yote anayopewa mgeni. Kumrudisha mtani ni lazima uende kwake umtukane kuliko alivyowahi kutukanwa, usimame uwanjani kwake umwite mchawi, umuulize kwa nini ametoroka msiba kabla ya kuosha vyombo. Hapo atajua bado ni wenu.

Basi wakamtuma Baba. Baba aliyajua yote haya. Aliyasikia tangu utotoni kama sisi, na kama sisi alikuwa na masikio tu, maana Babu alimpeleka kwa mapadri kusoma akiwa mdogo na huko Kibende kiliishia mlangoni. Tulimsikia usiku akijaribu na Mama yetu akicheka, halafu Mama akaacha kucheka. Asubuhi akapanda baiskeli.

Alichokifanya alinisimulia mwenyewe nikiwa mtu mzima. Alifika uwanjani kwa Kalunde, akaweka baiskeli, akavuta pumzi aanze, na Kibende kikakataa kuja. Kilikuja kichwani, kikafika kooni, kikasimama. Watu walikuwa wameanza kumtazama. Kwa hiyo akasema maneno yale yale kwa Kiswahili. Alisema kwa sauti, kama inavyotakiwa: "Wewe Kalunde mchawi, toka nje. Unajificha nini? Umeshakula nyama ya baba yangu umeshiba sasa?"

Nyie wenzangu mnakumbuka Kasekese ya wakati ule na mnakumbuka miaka ile ilivyokuwa. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa wamehamia na ng'ombe wao, wamejenga jirani na Kalunde pande zote, na sungusungu, walinzi wao wa jadi, walikuwa na nguvu. Mwanamke mzee, mjane, anayekaa peke yake, anaitwa mchawi mchana kweupe na mwanamume aliyetoka kuzika baba yake. Hayo si mambo ya kucheka. Vikongwe waliuawa kwa maneno machache kuliko hayo. Sungusungu wakaja na fimbo na mapanga, wakamzunguka Baba na kumuuliza ana ushahidi gani. Baba akasema ni utani. Wakamuuliza utani gani huo, mbona yule mama hacheki? Na Kalunde hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni amekamata mwimo. Aliyajua maneno hayo kwa Kiswahili yana maana gani. Baba akapigwa makofi, shati likachanika, akaachiwa aende. Kalunde akaambiwa asiondoke hapo mpaka wazee wa sungusungu wakae kikao juu yake.

Baba alipofika nyumbani na kueleza, Mama alipiga kelele. Baba mkubwa akasema waende polisi Mpanda. Wazee wakasema wasubiri kwanza. Kila mtu akatoa wazo lake kwa Kiswahili safi, na ningekuwa na umri nilionao leo ningewatandika wote kwa ufagio. Msichana wa darasa la tano nilikuwa, nilikaa kwenye kizingiti nikifikiria Kalunde anauawa kwa ajili yetu.

Bibi akainuka. Mjane kutoka kwenye mkeka hajachekeshwa lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na shangazi zangu walianza kumshika nguo. Aliwaambia wamwache, kwamba akiwasubiri wao Kalunde atazikwa kabla yeye hajamaliza kukaa. Akachukua fimbo ya Babu. Mimi na dada yangu tukamfuata, hatukuambiwa njoo wala rudi. Baba akatufuata nyuma na baiskeli, mbali kidogo, na shati lake lililochanika.

Tulitembea porini mbung'o wanatuuma, Bibi hakupumzika. Alikuwa anaongea peke yake njia nzima, chinichini, na nilipomsogelea nikamsikia. Alikuwa anayapanga. Anachagua tusi, analionja, anaweka lingine.

Tulipofika jua lilikuwa limeinama. Wazee wa Kisukuma walishakaa kwenye vigoda vyao, Kalunde yuko chini mbele yao. Bibi hakuamkia mtu. Alisimama ukingoni mwa uwanja, akapiga fimbo chini, akaanza. Alimwita mchawi, neno lile lile alilolisema Baba, ila kwa Kibende. Akamuuliza aliiba koti la mume wake kwa sababu ya baridi au kwa sababu ya mapenzi. Akasema alijua siku nyingi kwamba anamtaka mume wake, na yeye mwenyewe amefurahi ameshakufa ili waache kumgombania. Akasema meno yake yameachana kwa sababu hata yenyewe hayawezi kuvumilia harufu. Lingine siliandiki.

Wazee walimtazama Bibi, wakamtazama Kalunde. Kisha Kalunde akanyanyua kichwa, akakohoa kikohozi cha Babu, na kwa sauti ya Babu kabisa akamwambia Bibi: mke wangu, umechelewa na uji, na bado unajisifu.

Bibi alikunjika. Nilidhani ameanguka, nikakimbia kumshika, nikakuta anacheka. Alicheka machozi yakimtoka, akakaa chini kwenye vumbi, akacheka na kulia vyote pamoja, na Kalunde akaja akaketi juu ya miguu yake huku akimtukana bila kukoma. Hapo Wasukuma nao wakaanza kucheka. Hawakuelewa neno hata moja, lakini na wao wana watani wao, na vikongwe wawili wakikaa kwenye vumbi namna ile huhitaji mtu wa kukueleza. Yule mzee mkubwa wao akafuta macho, akamwita Baba aliyekuwa amesimama mbali na baiskeli.

"Kijana, kumbe ni watani?"

"Nilisema, mzee."

"Hukusema hivi," mzee akamjibu, na kikao kikaisha.

Kesho yake Kalunde alikuja Kabungu, akavaa koti, akamaliza kazi yake. Baba mkubwa alikaa mbele. Aliombwa senti za kumtoa Kalunde pale juu ya kaburi, akatoa, akacheka kwa kuwa wengine wanacheka, na kila baada ya muda alimwinamia Baba kumuuliza, "Amesemaje?" Baba alimtafsiria. Ikitafsiriwa haichekeshi. Nilimwona Baba mkubwa akitabasamu kwa adabu kwa vichekesho vya baba yake mwenyewe, na nikiwa mtoto sikuona uchungu wake. Sasa nauona, na unaniudhi, maana ningefikiri baada ya siku kama ile watu wangeshtuka. Wangesema jamani, tufundishe watoto, tumenusurika. Kumbe! Wiki iliyofuata nilimwagilia bustani ya mwalimu kwa kosa la kusema neno moja, na Mama akasema nimejitakia. Wasukuma waliokuja juzi juzi na ng'ombe wao walipiga Kisukuma chao sokoni na kanisani bila kumwomba mtu samahani. Watoto wa Warundi walikuwa na Kirundi chao. Sisi wenye pori letu ndio tuliokuwa tunanong'ona.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki, simu zilikuwa zimeshafika mpaka Kabungu, na mazishi yalikuwa na turubai, spika na mshereheshaji mwenye kipaza sauti aliyetoka mjini. Wajukuu na vitukuu tulijaa uwanja mzima, tumevaa fulana zenye picha yake. Kalunde aliletwa kwa bodaboda kutoka Kasekese, amefungwa kwa kanga pamoja na dereva ili asidondoke, maana alikuwa amezeeka sana. Safari hii hakuna aliyemfukuza. Tulishajifunza. Tulimpisha.

Alikuwa amevaa kitenge cha Bibi, sijui nani alimpa, na alitembea kama Bibi, mkono mmoja kiunoni. Alifika kwenye jeneza akaligonga. Akalisemesha kwa Kibende, na sauti ilikuwa imebaki kidogo lakini ilikuwa ileile. Alimwita Bibi mwizi wa waume. Alimuuliza sasa nani atamtukana. Halafu akatugeukia sisi, akatutupia tusi moja zuri mno kuhusu fulana zetu na vichwa vyetu, akasubiri.

Ilikuwa zamu yetu. Utani unarudishwa, si tamthilia ya kutazama. Nilielewa kila neno. Nilijua jibu lake, nilijua mpaka Bibi angelisema kwa sauti gani. Kinywa changu kikafunguka na kilichokuwa tayari kutoka ni Kiswahili, na nikamkumbuka Baba uwanjani kule, nikakifunga. Nikatazama ndugu zangu. Kaka yangu anatabasamu kwa adabu. Dada yangu ameinamisha kichwa. Vijana wote wameinua simu wanamrekodi, mmoja anamwambia mwenzake, "Bibi yuko vizuri huyu, ni komediani." Kalunde alitupitia na macho, mmoja mmoja, mpaka akafika mwisho wa uwanja.

Kisha akavua kile kitenge cha Bibi, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya jeneza. Akafunga mikono mbele yake, na kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, akasema:

"Poleni sana na msiba, wanangu. Mungu awape subira."

Watu wote wakaitika, amina. Mshereheshaji akamshukuru bibi yetu kwa maneno yake mazuri ya faraja, akaita kikundi kinachofuata.

Mimi ndiye niliyelia kwa sauti siku hiyo, na wakanishika wakidhani ni kwa sababu ya jeneza. Enzi zetu mtu wetu alizikwa na watu walioweza kumlilia na watu walioweza kumcheka, na mjane aliinuka kwenye mkeka akiwa mzima. Siku hizi tuna turubai zuri, tuna picha, tuna video ya Kalunde imeangaliwa na watu kibao wasiojua amesema nini, na mtoto wa kaka yangu ana Wamakonde wake kwenye simu. Bibi yangu tumemlilia vizuri, kwa Kiswahili fasaha. Wa kumcheka hakupatikana.